Kuta Zimelala, Miti Imesimama

Mgeni anayekuja Unguja kutafuta kasri za masultani huanzia Forodhani, na mara nyingi huishia hapo hapo. Huizunguka Ngome Kongwe, huisimamia Beit al-Ajaib na kusimuliwa jinsi sehemu yake ilivyoporomoka siku ya Krismasi mwaka 2020, kisha jua likizama hula urojo na kurudi hotelini. Lakini masultani wenyewe hawakuupenda mji kiasi hicho. Seyyid Said bin Sultan, aliyeyahamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, sehemu kubwa ya wiki alikuwa Mtoni, nje ya mji, na mjini alikuja kwa shughuli za utawala. Mwanawe Barghash alijenga Chukwani upande wa kusini na Maruhubi upande wa kaskazini. Binti wa Said, Bi Khole, alikuwa na nyumba yake Bungi. Pwani yote ya magharibi ya kisiwa ilikuwa na majumba ya namna hiyo, yamegeukia bahari, kila moja na maji yake, hamamu yake na bustani yake.

Leo karibu yote ni magofu. Nimeyatembelea kwa miaka mingi, kwa miguu, kwa baiskeli na kwa daladala, na kila nikirudi nazidi kuamini kwamba tunayatazama upande usio wake. Tunakwenda kutazama kuta, nazo kuta zimekufa. Bustani ndiyo iliyobaki hai, na hiyo hatuulizi habari zake.

Chukua Mtoni, kasri kongwe kuliko zote hizo, iliyojengwa karibu na mwaka 1830. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa humo mwaka 1844, na ni yeye aliyetuachia sura ya mahali pale palipokuwa na uhai. Kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, wakati huo akijulikana kama Emily Ruete, mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg. Anaeleza uwanja mkubwa wa ndani ambamo tausi, paa, kanga, bata bukini, heroe na mbuni walitembea watakavyo. Anaeleza roshani kubwa ya mbao, ya mviringo, upande wa bahari, ambamo baba yake alikuwa akienda na kurudi, kichwa chini, amezama katika mawazo. Anaeleza safu ya hamamu mwisho wa uwanja, zilizokuwa wazi usiku na mchana, na michungwa mikubwa kando yake. Watoto wa nyumba ile, akiwemo yeye, walikuwa wakipanda kwenye matawi ya michungwa hiyo kujificha na mwalimu wao mkali.

Nadhani hapo ndipo anapoandika kwa moyo kuliko mahali pengine popote. Vyumba havimshughulishi sana. Anachokikumbuka, akiwa amekaa kwenye baridi ya Ujerumani miaka ishirini baada ya kuondoka kwao, ni mti wenye tawi la kukalia, maji yanayopita, harufu, wanyama. Nyumba aliijua kwa bustani yake.

Kwa makisio yake, watu zaidi ya 1,000 waliishi Mtoni. Wengi wao walikuwa watumwa. Ukisoma sura hizo za mwanzo polepole utawaona wakipita pembeni: anayebeba, anayefagia, anayetandika, anayembeba mtoto. Hakuna tunayeambiwa aliipanda michungwa ile. Na ukiendelea mbele utaikuta sura ambayo Salme anautetea utumwa wa kwao mbele ya wasomaji wake wa Ulaya. Nampenda Salme kama mwandishi, tena sana, na sura hiyo inaniuma kila nikiifikia. Mwanamke aliyeweza kuukumbuka mti kwa upendo namna ile hakuiona mikono iliyoumwagilia.

Kuta zenyewe zilikuwa za kufa mapema, na sababu yake iko katika ujenzi. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo la magogo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, zilizoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, ndiyo maana vyumba vya kasri hizi ni virefu na vyembamba, upana wake mita tatu hivi, hata kama mwenye nyumba alikuwa mfalme. Juu ya boriti yalipangwa mawe na kumiminiwa chokaa, uzito mkubwa sana. Nyumba ya namna hiyo haiachwi peke yake. Inataka kupakwa chokaa tena na tena. Ukipita msimu mmoja wa masika pasipo mtu wa kuziba ufa, maji hufika kwenye boriti. Boriti zikioza dari hushuka. Dari ikishuka ukuta hulowa kutoka juu, na hapo mitini mwitu huota ndani ya chokaa na kuanza kuyaachanisha mawe. Kilichokuwa kikiisimamisha kasri ni watu walioifanyia kazi kila mwaka. Watu hao walipoondoka, nayo ikaondoka.

Kasri ya Beit el Ras haikupata hata muda wa kuzeeka. Ujenzi wake ulianza mwaka 1847. Seyyid Said akafa baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Omani, nayo haijamalizika. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, reli ya kwenda Bububu ilipojengwa, mawe yake yalichukuliwa kwa kazi hiyo. Maruhubi ilimalizika mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899. Miaka 17. Mwembe uliopandwa siku ilipofunguliwa, mwaka ule wa moto ulikuwa ndiyo kwanza umekuwa mtu mzima.

Maruhubi nataka kukaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayotembelewa zaidi na ndiyo inayosimuliwa vibaya zaidi. Aliyeijenga, Seyyid Barghash, alikuwa mtu aliyeona mengi. Mwaka 1859 aliasi dhidi ya kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Huko aliona mji mkubwa ukipewa maji, barabara na bustani. Mwaka 1875, tayari akiwa mtawala, alikwenda Uingereza, na husemwa kwamba ukuta mrefu wa kuizunguka Maruhubi aliujenga kwa mfano wa kuta alizoziona kwenye mashamba ya mabwana wakubwa wa huko. Ndani ya ukuta huo ilikuwako miembe ambayo husemwa ililetwa kutoka Bara Hindi.

Ukifika leo utakuta nguzo nene za mawe zilizokuwa zikibeba roshani pana, zimesimama wima bila chochote juu yake. Utakuta vyumba vya hamamu. Marumaru yake ilikwisha kung'olewa na kuchukuliwa zamani. Utakuta mabaki ya mfereji wa mawe uliokuwa ukileta maji, na birika ambamo yungiyungi wameota. Na utasimuliwa hadithi ya mke mmoja na masuria tisini na tisa. Kila anayetembeza wageni anaijua, na kila mgeni huondoka nayo. Naelewa kwa nini inapendwa. Lakini hebu simama kwenye mfereji ule utazame urefu wake. Kila jiwe lilichongwa, likabebwa, likapangwa kwa mteremko uliopimwa ili maji yatembee yenyewe bila kusukumwa. Yupo mtu aliyejua hesabu ya mteremko huo. Wapo watu waliochimba. Hadithi ya masuria imewafunika hao wote, na imewafunika hata hao masuria wenyewe, ambao kila mmoja alikuwa na jina, lugha ya kwao na njia iliyomfikisha pale, wakageuzwa kuwa idadi ya kuchekesha wageni.

Kazi kubwa ya Barghash katika maji ilivuka ukuta wa kasri. Aliyaleta maji ya chemchemi za Bububu mpaka mjini kwa mabomba, na watu wakaacha kutegemea visima vya mji vilivyokuwa vikichafuka na kuleta maradhi. Hilo ndilo ninalomkumbukia kwa heri. Kasri yake imeungua, na chemchemi zile zimeendelea kuulisha mji. Ufukweni, hatua chache kutoka kwenye nguzo, mafundi wa majahazi bado wanatia kalafati na kupaka sifa kwenye mbao. Mara nyingi nimewaona wageni wakiwapa mgongo ili wazipige picha nguzo.

Kupanda kutoka Bububu kuelekea Kidichi, bahari hubaki nyuma na njia huingia kwenye minazi na mikarafuu. Juu huko, kwenye mgongo wa kisiwa, kuna hamamu iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrzad, mke wa Seyyid Said aliyetoka Uajemi, wa ukoo wa Shah. Nje ni jengo jeupe la kawaida lenye kuba. Ndani, mafundi wa Kiajemi walichonga plasta kwa maua, mitende na ndege. Watawala wa Unguja walikuwa Waibadhi, na majengo yao hayana mapambo ya viumbe hai. Kwa hiyo ndege hawa wa Kidichi ni wageni kabisa katika kisiwa. Chini ya sakafu palikuwa na tanuri la kuipasha moto. Shahrzad mwenyewe hakudumu. Aliachwa, akarudi kwao.

Nikiwa ndani ya kuba lile huwa nawaza huzuni ya mtu anayechongewa bustani ya plasta kwa sababu bustani ya kwao iko mbali mno. Unyevu umeyaingia maua, na mengine yamekuwa meusi. Halafu natoka nje, na mbele yangu kuna bustani halisi, kubwa kuliko zote masultani walizowahi kuwa nazo, ambayo haimo katika orodha ya bustani za kasri. Nazungumzia karafuu.

Mkarafuu si mti wa asili wa Unguja. Ulitoka visiwa vya Maluku, ukapitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Kizimbani, karibu na Kidichi, ni mojawapo ya mahali ulipopandwa kwanza. Seyyid Said aliona faida yake kuliko mtu yeyote. Aliamuru kwamba kwa kila mnazi mmoja, mwenye shamba apande mikarafuu mitatu, na asiyetii anyang'anywe shamba. Vilima vilifyekwa. Mahandaki, njia, miche, palizi, uchumaji: vyote vilihitaji mikono, na mikono ilikamatwa bara. Watu waliletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, kwa Wayao, Wanyasa, na mbali zaidi, wakashushwa Kilwa, wakavushwa kwa majahazi. Kwa desturi ya mashamba yale walipewa siku mbili katika wiki kulima vijishamba vyao vya muhogo, ili wajilishe. Siku nyingine zote zilikuwa za bwana.

Karafuu ni zao lisilokubali haraka. Mche husubiriwa miaka sita au zaidi kabla haujatoa. Chipukizi la ua huchumwa kwa mkono, moja kwa moja, kabla halijafunguka. Likichelewa huwa mpeta na thamani yake hushuka. Jioni watu hukaa chini kuchambua, karafuu huku na makonyo huku, kisha huanikwa juu ya jamvi, na mvua ikitishia kila mtu hukimbia. Kazi hiyo ndiyo iliyolipa marumaru ya Maruhubi, plasta ya Kidichi na hariri za Mtoni. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu mingi sana ya Unguja. Pemba ikanusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Mwaka uliofuata Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Miti ilipandwa upya, kwa hiyo, wakati njia ya kupata watu wa kuipanda ilikuwa ikizibwa, na walioitumikia kazi hiyo walikuwa ni wale waliokuwemo tayari. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa mwaka 1897.

Kisha ikaja Januari 1964. Baada ya Mapinduzi ardhi ilitaifishwa, na mashamba makubwa yakagawiwa wakulima eka tatu tatu. Inapaswa kusemwa wazi kwamba huo ndio wakati ambapo bustani za masultani zilibadili wenyewe. Wapo wanaoyazungumza Mapinduzi kwa uchungu, na uchungu wao una sababu, kwa maana damu nyingi ilimwagika. Lakini ukipita leo Kidichi na Kizimbani, mwenye mdoriani uani, mwenye mishokishoki mitatu nyuma ya nyumba, mwenye mifenesi inayokaribia kuangukia paa, ni mkulima. Miti iliyoletwa kutoka Asia kwa ajili ya meza za wakubwa imekuwa karo za shule za watoto wa vijiji. Wageni huletwa huku kwa ziara za viungo: hunusishwa mdalasini, huvunjiwa hiliki, hupakwa rangi ya mrangi vidoleni, huonyeshwa kijana akikwea mnazi. Ni ziara nzuri, na ndiyo pekee ambayo mtu hupelekwa kwa ajili ya mti. Huambiwa jina la kila mmea. Ningependa aambiwe pia nani aliupanda.

Bungi iko upande wa pili kabisa, kusini, ukishaipita Tunguu. Gari huingia kwenye kivuli ghafla. Pande zote za barabara imesimama miembe ya zamani, mashina yake yana mafundo na mapango, matawi yamekutana juu ya lami. Joto hupungua, na abiria aliyekuwa akijipepea huacha. Husemwa kwamba miembe hii ilipandwa kwa ajili ya Bi Khole, ambaye Salme alimpenda kuliko ndugu zake wengi. Nyumba yake iko upande wa bahari, na hamamu, mahali palipokuwa na bustani za miti ya maua. Ilikaliwa mpaka miaka ya 1920. Sasa ni kuta.

Kuhusu miembe hiyo kuna hadithi ya kutisha, kwamba Bi Khole aliwaua watumwa wake na kwamba miti inaweka alama ya vifo vyao. Hakuna ushahidi wa hilo ninaoujua, na sitaki kumsingizia marehemu. Lakini siidharau hadithi yenyewe. Watu wa kusini hawakuhitaji kitabu ili wajue kwamba barabara yenye kivuli kizuri namna ile iligharimu miili ya watu. Hawakupewa majina, hawakupewa hesabu, wakatengeneza hadithi inayolibeba lile wanalolijua. Naiona hadithi hiyo ina ukweli mwingi kuliko ile ya masuria tisini na tisa.

Msimu wa embe, mwezi wa Disemba, nilishuka hapo kununua. Bibi mmoja alikuwa ametandaza embe zake juu ya gunia chini ya shina.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu embe. Hizi tamu, za jana tu zimeanguka.”

Nikamuuliza miti ni ya nani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa bahari ni ya nani.

“Ya Mungu. Alopanda keshakwenda, alopandiwa keshakwenda. Sie twaokota.”

Nimeyafikiri sana maneno yake, hasa kwamba alitenganisha aliyepanda na aliyepandiwa. Wengi wetu tulioandika juu ya kasri hizi hatukufanya hivyo. Tumeandika kwamba Barghash alijenga, Said alipanda, Khole alipamba.

Majina ya waliopanda hayakupotea yote. Amri ya mwaka 1897 iliwalazimu watu kwenda mahakamani kuomba uhuru wao, na walioachiwa waliandikwa. Jumba la Nyaraka la Zanzibar, Kilimani, limehifadhi kumbukumbu za zama hizo. Haiwezekani kusema fulani alipanda mwembe huu. Inawezekana kabisa kutafuta majina ya watu wa mashamba ya pwani hii na kuyaweka mahali mgeni atakapoyasoma, palepale anaposoma jina la sultani. Kazi hiyo inahitaji mtafiti mwenye subira na fundi wa kuchora vibao.

Na miembe ya Bungi nayo inahitaji watu. Safu ina mapengo. Mti wa umri ule ukiangushwa na upepo au ukaliwa na mchwa ndani, pengo hubaki pengo, kwa sababu serikalini mti wa barabarani haujulikani ni wa idara gani: si jengo la kale, si zao, si msitu. Ningetamani uwe na idara. Ningetamani sehemu ndogo ya kiingilio cha magofu itengwe kwa ajili ya miche, na kokwa zichukuliwe kutoka kwenye miti ileile iliyopo, ili itakayoota iwe uzao wake. Kizimbani kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, na watu wake wanaijua miti kuliko mtu yeyote kisiwani. Masika huanza Machi. Mapengo yenyewe yanahesabika ukiwa ndani ya daladala.